Sikio la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utasimama lini. Madaktari wa siku hizi hawapendi kujifunga kwa maneno.

Nimeanza shajara hii ili nikiondoka niwe nimekwisha kukiri. Ana kwa ana sitaweza. Ana kwa ana mimi huongopa. Ni mazoea ya kazi: nilikuwa afisa utumishi mkuu wa kiwanda cha biskuti mpaka nilipostaafu.

Ungamo la kwanza: sitaki kufa peke yangu.

Hali ilivyo. Naishi chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yangu. Yeye ni mfamasia. Jioni hurudi, huhesabu vidonge vyangu, hunitazama kama kidonge kilichobaki, hulala. Aliyekuwa akikaa nami mchana ni binti yake, mjukuu wangu wa pekee. Alikuwa akinisomea gazeti lote, hata matangazo ya vifo, akiruka umri wa marehemu pale alipoona ni mdogo kuliko wangu. Sasa amepata kazi. Wapi? Kiwanda cha biskuti! Kiwanda changu! Yuko kitengo cha kufungasha. Hurudi akinuka vanila, ananishika bega, anauliza nimekula nini, anasinzia kabla sijajibu.

Mchana kutwa nabaki na ukuta. Ukuta una ufa. Ufa unarefuka.

Ng'ambo ya ua anaishi Fundi, mshonaji mstaafu, rika langu. Naye anakufa. Amekuwa akifa miaka mitatu sasa, na kwake hapapungui watu: wakwe, wajukuu, mashemeji wa kila aina. Yeye anakufa kama mtu anayeozesha binti. Mimi ninakufa kama mtu anayemsubiri fundi bomba.

Haki iko wapi?

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango!

Jana mezani mjukuu wangu alisema anatamani kutoga pua. Kipini kidogo tu, kama punje ya mchele. Mama yake alisema hapana kabla sentensi haijaisha. Kichwani mwangu kengele ililia. Kanuni za kiwanda! Niliziandika kwa mkono wangu. Pambo kwenye tundu lililokwisha kupona lifunikwe kwa plasta ya bluu. Lakini mwenye kidonda kibichi cha kutoboa mwili asikaribie mkanda wa biskuti mpaka kipone. Akae nyumbani. Mpaka kipone! Na pua haina haraka ya kupona.

Akili kama hii, halafu daktari anasema nimechoka.

Leo nilimwita kando. Nikamwambia kwa upole kwamba mama yake ni mtu mzuri ila amezeeka mapema, na kwamba babu anawaelewa vijana. Nitamtoga mwenyewe. Sindano, barafu, kipande cha kiazi cha kuipokea sindano upande wa pili, basi.

Akanitazama mkono. "Babu, mkono huo unamwaga chai."

Nikamweleza kwamba chai ni nyepesi. Sindano ina nidhamu yake.

Akauliza kama inauma. Nikasema hata kidogo. Akauliza nimejuaje. Nikasema najua tu. Hapo akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, anza wewe, mchumba. Ukipona, na mimi nafuata."

Ulikuwa mzaha. Nimefanya kazi ya utumishi maisha yangu yote. Sijawahi kuutambua mzaha kwa wakati.

Jumatano, 5 Machi

Naandika kwa tabu. Taulo inanizuia kuona.

Asubuhi nilivuka ua kwa fimbo yangu kwenda kumwomba Fundi sindano. Akataka kujua ya nini. Nikasema kifungo. Akauliza kifungo gani, maana nimevaa fulana. Nikageuka kuondoka, akanifuata mpaka chumbani kwangu. Nilipomweleza alifurahi kuliko ilivyostahili. Akasema, "Bwana Kanuni, maisha yote umewakataza watu mapambo, leo unataka herini?" Nikamwambia si yake kuuliza. Yeye alete sindano tu.

Aliyoileta ilikuwa ya kushonea magunia. Alidai ndogo hazioni tena.

Spiriti ipo, lakini binti yangu huifungia kabatini pamoja na kila kitu chenye manufaa. Tukaichovya sindano kwenye chupa ya marashi ya marehemu mke wangu. Yamebaki mabaki ya chini, yamekuwa mazito kama asali. Harufu ilinipiga kifuani. Nikakaa kidogo. Fundi akauliza kama ndiyo nakufa, maana angependa kurudisha sindano kwanza.

Tukagombana nani atoboe. Mimi nilisema yeye haoni. Yeye akasema mimi natetemeka. Yote mawili ni kweli. Ikakubaliwa mimi nishike sindano, yeye ashike kiazi, na shabaha iwe sikio la kulia. Nikajitazama kwenye kioo. Kioo ni kitu cha hila. Nililenga la kulia la mle ndani, na Fundi, kwa kujiamini kabisa, akaweka kiazi nyuma ya la kushoto.

Sindano ikapita. Nakiri: inauma! Inauma mpaka kwenye jino nililong'oa zamani.

Kisha ikazama kwenye kiazi na kugoma. Fundi akakivuta kiazi. Mimi nikakifuata. Tukazunguka chumba mara kadhaa, yeye akivuta, mimi nikifuata, mpaka kitanda kikatuzuia. Sindano ikachomoka pamoja na maneno ambayo sitayaandika hapa.

Tundu likahitaji mwenyeji. Nikachukua herini moja ya marehemu mke wangu kutoka kisandukuni, ya shaba, ndogo, nikaipachika vivyo hivyo.

Tatizo moja tulilisahau: vidonge ninavyomeza ni vya kuzuia damu isigande. Haikuganda. Ikashuka shingoni, ikaingia kwenye fulana, ikafika mkekani. Fundi alipoiona aliondoka kwa kasi isiyomfaa mtu anayekufa.

Binti yangu alinikuta nimekaa nimevaa kofia ya baridi kwenye joto hili. Akaivua. Sikuwahi kumwona akikaa chini kwa ghafla namna ile. Akauliza ni mtu gani anayemeza dawa ya kuzuia damu kuganda halafu akajichoma sindano ya magunia. Nikasema Fundi alinishauri, ati inasaidia macho.

Ungamo la pili: Fundi hakunishauri kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Damu imekubali kusimama. Daktari kwa simu amesema niangaliwe kutwa mpaka kidonda kifunge. Binti yangu hawezi kufunga duka la dawa.

Mjukuu wangu ameomba ruhusa kazini!

Nairudia sentensi hiyo kwa ajili ya utamu wake. Mjukuu wangu ameomba ruhusa kazini. Pua yake ni nzima, na yuko nyumbani. Mpango umepita mlango wa nyuma.

Amenisomea gazeti lote. Kila baada ya muda anachemsha maji ya chumvi, anayaacha yapoe, ananawa mikono, ananiosha sikio kwa pamba taratibu, akipuliza kama mtu anayewasha moto mdogo. Hakuna aliyenipuliza tangu nikiwa mtoto.

Amenisimulia ya kazini. Wasichana wa kufungasha wanatobolana chumba cha kubadilishia nguo kwa pini za maboksi. Masikio, pua, mmoja kitovu. Juzi kipini cha mtu kilianguka kwenye pakiti, mashine ya kutambua chuma ikapiga kelele, mkanda ukasimama, biskuti lukuki zikatupwa. Mwenye kipini hajajitaja. Nikamwambia kwa fahari kwamba mashine ile niliidai mimi, na plasta za bluu zenye uzi wa chuma ndani, ili zikianguka zitambulike, pia ni wazo langu.

Akasema, "Kumbe makelele yale ni yako, Babu."

Kuhusu kipini chake, amesema hamu imekwisha. Ameniangalia sikio mara moja, ikaisha.

Siku nzuri kuliko zote tangu mke wangu afariki.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Sikio linapona.

Asubuhi amelitazama, akapiga makofi. Akasema likiendelea hivi, Jumatatu anarudi kazini. Alisema kama mtu anayenipa zawadi. Nikatabasamu. Kisha nikautazama ukuta.

Sijivunii yafuatayo. Alipotoka kwenda sokoni, maji ya chumvi niliyamwaga kwenye chungu cha ua la binti yangu. Kisha nikaizungusha ile herini huku na huku, baada ya kushika fimbo, kiatu na paka wa Fundi. Nikaizungusha tena nilipokumbuka.

Ungamo la tatu. Na ua limeanza kunyauka, kwa hiyo la nne.

Jumapili, 9 Machi

Nimefaulu. Natamani nisingefaulu.

Sikio limevimba kama ngumi. Ndewe imeimeza herini, imebaki ncha tu inayochungulia. Kuna usaha. Linadunda kwa mapigo yake lenyewe, kana kwamba nina moyo wa pili, na huu haujachoka hata kidogo.

Mjukuu wangu haelewi. Aliosha, alinawa, alichemsha. Anajiuliza alikosea wapi. Analipiga picha kwa simu kutwa, ili mama yake alinganishe. Nimempa sura ya mtu asiyejua. Ni sura yangu ya kazini.

Fundi alikuja kujulia hali, akazunguka upande wa kushoto, akatazama kwa muda. "Bwana Kanuni," akasema, "hilo linataka kukuhama."

Jumanne, 11 Machi

Hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda karibu na sinki inayodondosha.

Homa ilipanda jana. Binti yangu alinibeba kwenye teksi kama furushi. Daktari, kijana mwenye mikono baridi, amenipasua ndewe na kuitoa herini. Amesema imebaki kidogo tu usaha uingie kwenye sehemu ngumu ya sikio, ambako dawa hupenya kwa shida. Kisha akasema la moyo. Vijidudu vikiingia kwenye damu vikafika kwenye moyo kama wangu, hakutakuwa na la kuzungumza. Aliyasema hayo kwa binti yangu, juu ya kichwa changu. Sikio la kulia linasikia vizuri sana.

Akauliza nani alinitoboa. Nikasema Fundi.

Ungamo la tano. Nilikuwa na homa, lakini nilijua nasema nini.

Mjukuu wangu amekaa kwenye kiti cha bati tangu jana. Amenishika mkono. Ndivyo nilivyotaka. Ndivyo hasa nilivyopanga. Nikamtazama akisinzia, kichwa kikianguka na kuinuka, nikagundua jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango.

Nilitaka kufa akiwa karibu. Sikutaka kufa wiki hii.

Ijumaa, 14 Machi

Nimerudishwa nyumbani. Bandeji imenizunguka kichwa chote. Nafanana na yai lililopasuka.

Mjukuu wangu aliniletea uji, akauweka chini, akaanza kulia. Amesema ni yeye. Ni yeye aliyesema anza wewe. Amebeba maneno hayo tangu siku ile, hali vizuri, na kila akifumba macho anaona lile sikio. "Nilikutania tu, Babu. Nimekutania mpaka hospitali."

Nilikuwa nayo mdomoni. Nasema kweli, ilikuwa mdomoni, na kwa umri wangu mdomoni hakuna vizuizi vingi. Nimwambie: si wewe, ni mimi. Nilikuwa mpweke. Maji yako niliyamwaga kwenye chungu cha ua.

Nikasema nimemsamehe.

Nimemsamehe! Akanikumbatia! Akashukuru!

Nimekuwa nikikaa na sentensi hiyo tangu mchana. Haina raha. Ina uzito kuliko bandeji.

Baadaye mabinti wawili wa Fundi walikuja kuomba radhi kwa niaba ya baba yao. Wamemnyang'anya sanduku lake la sindano. Wamesema amekaa kitandani anaangalia mikono yake. Nikapokea radhi. Nimekuwa hodari wa kupokea visivyo vyangu.

Jumatano, 19 Machi

Amerudi kazini tangu Jumatatu. Nilijua. Ukuta ulinipokea bila maswali.

Lakini leo amerudi mapema, anang'aa, akawa anaongea kabla hajavua viatu. Ilikuwa hivi. Alipeleka picha za sikio kwa afisa usalama wa kiwanda. Afisa akamwomba aongee na wenzake chumba cha kubadilishia nguo. Akaongea. Aliwaeleza habari za babu yake aliyejitoboa kwa sababu ya mzaha wa mjukuu mjinga. Alionyesha picha kuanzia za Jumapili mpaka za hospitali. Mmoja alitoka nje kutapika. Wengine wakaziweka pini za maboksi mezani. Na yule mwenye kipini kilichoanguka akajitaja mwenyewe, akilia, akaonyesha pua yake ambayo nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Wamempeleka kutibiwa, hajafukuzwa.

Nikamwambia amefanya vizuri. Nilimaanisha. Hilo nalo ni ungamo.

Wakubwa wamefurahi. Wana kiwanda kipya mji mwingine, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Wanataka mtu wa kufundisha wafanyakazi usalama. Wamemchagua yeye. Anaanza wiki ijayo.

Nikampongeza kwa meno yote niliyobakiwa nayo.

Kuna zaidi. Picha ya sikio langu, ya siku ya Jumapili, imekuzwa ikawa na ukubwa wa mlango. Imetundikwa getini. Geti langu! Nilisimama pale kila asubuhi kwa miaka, nikiwakagua watu mikono na shingo, na hakuna aliyeniangalia usoni.

Fundi alipelekwa na mkwewe kuiona. Alivunja ukimya wake na kuvuka ua kuja kunieleza. Amesema watu wanasimama, wanashika vifua, wengine wanarudi nyumbani kunawa. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakumbuka kwamba haongei nami, akaondoka.

Jumapili, 23 Machi

Amekuja kuniaga, begi liko mlangoni. Ameniomba kitu cha kumkumbusha. Nikampa herini ya bibi yake, ile iliyotolewa sikioni, imepinda kidogo. Ameifunga kwenye leso. Hataivaa, amesema. Itakaa tu mezani kwake.

Nikamuuliza atakuja lini. Hakujua. Kazi mpya, watu wapya. Nikaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumwambia. Nikaanza hata: mama, yale maji ya chumvi. Akasema yale maji yalinisaidia sana, asante Mungu. Nikasema ndiyo.

Akaniona nimenywea. Ndipo akaniambia, kunituliza, kwamba nisiogope. Bosi wake mpya amemwonyesha kanuni moja ya zamani: mfanyakazi akiwa na mzazi au mlezi aliyezidiwa, anaachiliwa siku hiyohiyo, na nauli juu ya kiwanda. "Kanuni nzuri, Babu. Aliyeiandika alikuwa na utu."

Niliiandika mimi! Mama yangu alipougua nilikatazwa kutoka, nikafika amekwisha kuzikwa. Nilipopata cheo, ilikuwa kanuni yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Sikumwambia ni mimi. Mara moja katika maisha yangu sikujisifu, na ilikuwa kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiri.

Jumatatu, 24 Machi

Ameondoka na basi la alfajiri.

Ufa umefika dirishani.

Mchana Fundi alivuka ua. Nikamwomba radhi kwa kumsingizia. Angalau hilo nimelisema ana kwa ana. Akasema hanisamehe, lakini atakaa. Nikamuuliza kwa nini, na nyumba yake imejaa watu. Akasema kwake watu ni wengi, wanaongea kutwa, na wote wanaongea juu ya kichwa chake. Hakuna aliyemuuliza kitu tangu nilipomwomba sindano.

Tukakaa. Tukautazama ukuta. Unavumilika zaidi ukitazamwa na wawili.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Nilifikiria kuishia hapo. Kisha nikachukua kioo, nikajitazama. La kushoto limebaki na kovu kama tambi. La kulia ni zima, safi, halijaguswa. Kisandukuni imebaki herini moja. Na mlezi aliyezidiwa, siku hiyohiyo, nauli juu ya kiwanda.

Nikamuuliza Fundi kama kweli walichukua sindano zote. Akainua ukosi wa shati lake. Mshonaji hakosi moja ukosini.

Tumeyapitia makosa ya safari iliyopita kwa makini, bila haraka, bila kujipendelea, kama inavyowapasa wazee wawili walio mlangoni mwa kaburi. Tumekubaliana kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kiazi.

Fundi ameenda kuleta karoti.